Samaki nawaona kwa macho lakini chambo hawagusi, nakosea wapi?

Msukuma wa Kigamboni
Wakuu, habari za jioni. Nimekulia Mwanza na mshipi nimeushika tangu darasa la tatu. Ziwani sato nilimvua kwa minyoo, sangara kwa furu hai, wale samaki wadogo wa ziwani. Mwaka huu nimehamia Kigamboni na bahari imenishinda kabisa. Kila Jumamosi saa nne asubuhi naenda Mjimwema, naingia majini hadi mapajani kwenye yale majani, natupa ndoana yenye chambo cha kamba. Maji ni maangavu, samaki wanapita makundi kwa makundi, na chambo wanakipita kama jiwe. Jumamosi nne, hata mmoja! Mara mbili ndoana imerudi tupu bila kusikia chochote mkononi, na mara moja uzi ulikatwa. Kamba nanunua soko la samaki la Feri, wa barafu. Uzi ni uleule wa sangara niliokuja nao. Naombeni msaada, natamani sana wanangu wale samaki niliyemvua mwenyewe.

Mtoto wa Dau
Pole mkuu. Kabla hatujagusa chambo, hao samaki unaowaona wakoje?

Msukuma wa Kigamboni
Wengi ni bapa, rangi ya majani yaliyofifia na vidoa vyeupe, kinywa kidogo, wanadonoadonoa majani. Wengine weupe kama fedha, wanatembea juu juu na mara nyingine wanaruka.

Mtoto wa Dau
Basi umejijibu. Wa kwanza ni tasi, wa pili mkizi. Tasi chakula chake ni mwani na majani ya bahari, mkizi anajilia ukoga na tope la chini. Unawaandalia nyama watu wa mboga! Angalia wenye madema, ile mitego ya kusukwa: wakitaka tasi, ndani ya dema wanatia mwani, hawatii kamba. Ukitaka kumjaribu kwa mshipi, funga mwani kwenye ndoana ndogo sana. Ukimpata usimshike ovyo, miiba yake ina sumu na maumivu yake si ya mchezo. Anayekula kamba wako ni changu, chewa mdogo, kolekole. Hao saa nne hawapo hapo unaposimama.

Binti Kojani
Kaka yangu, hapo kwenye saa nne ndipo pa kuangalia. Ziwani maji hayaendi popote, huku yanaondoka na kurudi mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, yaani maji yanajaa na kutoka kuliko siku nyingine, na kwa Dar saa nne asubuhi ya bamvua bahari imekupwa. Hapo sisi tunatembea kutafuta pweza, mvuvi wa mshipi anakunywa chai. Changu amerudi kwenye kina. Maji yakianza kupanda mchana anapanda nayo, anafuata kaa na chaza kwenye majani. Yanajaa saa kumi na kitu, na giza linakaribia, naye anapenda giza. Wiki ya maji mafu, mwezi ukiwa nusu na maji yakipanda na kushuka kidogo tu, saa nne utayakuta yamejaa, lakini yamelala, hayana mkondo wa kupeleka harufu ya chambo. Wewe fuata mwezi, achana na Jumamosi.

Nahodha Mstaafu
Nakubaliana na Binti Kojani, ila msimsahaulishe uzi. Maji ya mapajani, jua kali, uzi wa sangara: samaki anauona kama kamba ya meli. Tia nailoni ya milimita 0.35, risasi ndogo ya kuzamishia au usitie kabisa, chambo kishuke chenyewe. Kivuli chako kisiwatangulie. Na hao kamba wa barafu wanalainika, ndiyo maana wanachomolewa bila wewe kujua. Kata mnyiri (mkono) wa pweza au ngisi mbichi, haung'oki. Ukitembea majini buruta miguu, samaki taa, yule bapa mwenye mwiba mkiani, hujifukia mchangani.

Msukuma wa Kigamboni
Wakuu nimerudi. Jana, siku ya pili baada ya mwezi mpevu, niliingia saa tisa maji yakipanda, nikasimama ukingoni mwa mfereji badala ya kwenye majani. Uzi mwembamba, mnyiri wa pweza. Hadi saa kumi na moja kimya, nikakaribia kukata tamaa. Kisha changu wawili mfululizo, mmoja kama sahani. Mke wangu kawapika wa kupaka, watoto wamelamba vidole. Asanteni sana, dada Kojani hasa. Kuna na wa tatu, mfupi, meno kama ya sungura, nilipomtoa akavimba kama mpira. Nimemweka kwenye friji. Anapikwaje?

Nahodha Mstaafu
USIPIKE! Huyo ni bunju, ndiye aliyekukatia uzi. Sumu yake haiondoki kwa moto na inaua. Mtoe sasa hivi, mfukie mbali na paka na kuku, osha kisu na mikono. Ukishamaliza tuandikie hapa.

Msukuma wa Kigamboni
Nimemfukia mzee. Nilikuwa sijamtia kisu.