Naomba ushauri: nimealikwa Boston Pops, na mama naye anakuja

Wakuu habari, wakubwa shikamooni. Niko Boston mwaka wa tatu sasa. Bosi wangu kanipa tiketi mbili za ufunguzi wa msimu wa okestra ya Boston Pops pale ukumbi wa Symphony Hall: waimbaji wa Broadway (zile tamthilia za muziki za New York) wakisindikizwa na okestra, halafu dina ya kuchangisha fedha. Okestra hii ipo tangu 1885, na msimu wake ukifika viti vya chini huondolewa, zinawekwa meza, watu wanakula na kunywa huku muziki unapigwa. Kwa hiyo siyo ya kukaa kimya kama msibani.

Kazi ipo kwa mama. Kaja kunitembelea kutoka Tanga, mtu wa taarabu haswa. Jana nimemkuta anakunja noti za dola moja moja, anazipanga kwenye mkoba. "Wimbo ukinigusa nisiende kumtunza mwimbaji?" Nimekosa jibu.

Mliowahi kwenda: gauni la kitenge na kilemba vinafaa? Vigelegele katikati ya wimbo je? Na kwenye dina, mgeni wa kualikwa kama mimi anatarajiwa kuchangia? Tafadhali msinijibu "inategemea", shughuli ni Jumamosi hii.