Naomba ushauri: huyu mkulima wa Zama za Kati nimwiteje?

Habari zenu wakuu, naombeni msaada. Naandaa notsi za historia kwa Kiswahili, nimefika kwa wakulima wa Uingereza karne ya 13 nimekwama. Mfumo ni ukabaila, hapo sina shida, ila mtu mwenyewe? Mtumwa naona haikai, maana alikuwa na familia na kipande chake cha kulima, lakini hahami bila ruhusa ya bwana, kila wiki ana siku za kumlimia bure, akiozesha binti analipa, na akifa bwana anachukua mnyama wake bora, yaani mjane yuko msibani na ng'ombe anaswagwa (hii imeniuma kweli). Nikajaribu mtwana, wenzangu wakasema ni mtumwa yuleyule. Kuna neno moja linalotosha, au niandike tu mkulima aliyefungwa na ardhi?