Tuzo kwa viongozi wa mtaa usiku wa harambee: naomba ushauri

Habari zenu ndugu. Tuko kikundi kidogo hapa Busia, upande wa Uganda, tunaandaa chakula cha jioni cha kuchangia ukarabati wa wodi ya wazazi. Kamati imeamua usiku huo tuwatuze viongozi wa jamii: mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), imamu, mchungaji, na mama mmoja wa VHT (timu ya afya ya kijiji) anayezunguka nyumba kwa nyumba bila mshahara.

Tumekwama kwenye tuzo zenyewe. Mweka hazina anataka kila anayenunua meza nzima naye apewe ngao. Mimi nakataa, maana hiyo itakuwa risiti tu. Halafu kuna itifaki: RDC (mwakilishi wa rais wilayani) na mbunge wakifika, hotuba zitakula usiku, na yule mama ataitwa mbele watu wameshaanza kutafuta boda za kurudi nyumbani.

Je, tuzo zitangulie chakula? Na yeye tumpe cheti, au kitu cha kazi kama baiskeli na gambuti? Bahasha naiogopa, mjini hapa maneno hayaishi. Mliowahi kuandaa shughuli kama hii Tororo, Mbale au Kampala, mlifanyaje?