Rede kwa kina mama wenye presha: aliyepigwa akae wapi?

MamaPasua
Habarini wana jukwaa. Nina miaka 51, nauza mitumba Memorial hapa Moshi, kutwa niko kwenye stuli nakunja magauni. Mwezi wa pili kliniki wakaniambia presha iko juu, nikapewa dawa na kuambiwa nitembee. Nilitembea wiki mbili nikaacha. Miguu haikuchoka, nilichoka upweke, na bodaboda wanaouliza "mama, twende?" kila hatua kumi.

Ndipo nikasoma kuwa Australia, ambako Waaborijini wanaandamwa na kisukari na moyo kuliko wenzao nchini humo, michezo yao ya asili inachezwa upya kama mazoezi, na wanawake wamo. Nikasema, sisi si tuna rede, ule mchezo wa kujaza chupa mchanga huku unakwepa mpira, ukipigwa nao unatoka? Nikakusanya wenzangu tisa wa jumuiya, Jumamosi jioni, nyuma ya kanisa. Mpira wa soksi nilishona mwenyewe. Chupa ya kujaza mchanga, ya lita moja na nusu. Mama mmoja alikuja na kitenge kimembana magotini, anaruka kama yuko kwenye mbio za magunia. Tulicheka mpaka nikasahau presha.

Sasa tatizo: sisi wanene ndio tunapigwa mapema. Mimi nilitoka sijatia hata konzi moja ya mchanga, nikakaa kwenye tofali robo saa nawatazama wembamba wakikwepa. Hayo ni mazoezi au kikao? Mnaocheza mnafanyaje?

MangiWaRau
Shikamoo mama. Timu ya mke wangu aliyepigwa haketi. Anazunguka uwanja mara mbili, anarudi kati. Mshindi hajulikani mpaka leo, na ugomvi hauishi.

Viungo_Arusha
Mama shikamoo. Nafanya kazi ya mazoezi ya viungo, wenye presha nawaona kila siku. Kwanza waulize kliniki kama presha imetulia vya kutosha kucheza, na dawa usiache hata ukijisikia mzima. Kinachonitisha kwenye rede ni ile chupa kuliko mpira: unainama kuzoa mchanga, unainuka ghafla, na dawa nyingine za presha zinaleta kizunguzungu hapo hapo. Wekeni chupa na beseni la mchanga juu ya stuli. Tembeeni dakika kumi kabla. Ukicheza uweze kuongea lakini kuimba kukushinde, hapo umepatia. Na Jumamosi moja haitoshi, Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 150 kwa wiki.

Manka_Brisbane
Shikamoo mama, mimi wa Kibosho, niko huku Queensland, Australia. Wakalkadoon, Waaborijini wa kaskazini-magharibi ya jimbo hili, walikuwa na mchezo ambao siku hizi unaitwa keentan, wanawake na wanaume walicheza. Timu mbili, mnarushiana mpira, wapinzani wanaruka kuudaka angani. Kwa kuruka huko waliufananisha na kangaruu. Zamani mpira ulikuwa kipande cha ngozi kilichofungwa kwa kamba, soksi yako inatosha kabisa. Hakuna anayetolewa, mama! Mnene na mwembamba wote wanakimbia mpaka mwisho. Wenye magoti mabovu wasiruke, wadakie chini.

MamaPasua
Marahaba wanangu. Stuli ya Memorial naibeba Jumamosi, na mimi nisipate pa kukalia. Tutaanza na keentan, rede baadaye. Mama wa kitenge nimemwambia aje na suruali. Amekubali, ila kitenge anasema kitakuwa juu yake.