Operesheni ya kupunguza tumbo kwa mwenye sukari, hela inarudi kweli?

binti_makorora: Habari zenu wakuu. Kaka yangu ana miaka 41, kilo 118, sukari aina ya pili iligundulika miaka mitatu iliyopita, sasa anachoma insulini asubuhi na jioni na vidonge vya presha juu. Daktari kamshauri upasuaji wa kupunguza tumbo. Bima yake imegoma kulipa so tumeanza kuchanga kwenye grupu la familia, ila bamdogo anasisitiza tukope tu benki kwa sababu eti akishafanyiwa dawa zote anaacha na hela inarudi yenyewe. Kuna ukweli hapo? Naombeni majibu ya maana, mkopo ni wa jina langu.

nesi_wa_goteborg: Dada pole na majukumu. Mimi ni nesi huku Sweden, na huku ndo kuna utafiti mkubwa kabisa wa jambo hili, unaitwa SOS, ulianza 1987 ukafuatilia watu zaidi ya 4,000, nusu walipasuliwa nusu wakaendelea na matibabu ya kawaida. Walipokuja kupiga hesabu ya miaka 15, wenye sukari waliopasuliwa walitumia dawa pungufu kwa dola elfu 5 na kitu kila mmoja. Lakini ukijumlisha operesheni yenyewe na kulazwa, gharama zote za makundi mawili hazikutofautiana kwa maana, yaani hakuna faida mfukoni ila hata hasara kubwa hakuna. Na kumbuka operesheni nyingi za enzi hizo zilikuwa za kufungua tumbo, siku hizi wanaingia kwa matundu madogo na mtu anatoka wodini mapema.

Hilo la kuacha dawa zote usimuahidi mtu. Kwenye SOS baada ya miaka miwili 72% sukari ilikuwa imetulia bila dawa, baada ya miaka 15 walibaki kama 30%. Kizuri kwenu ni kwamba waliowahi, sukari ikiwa bado changa, ndo walifaidika zaidi, na miaka mitatu bado ni mapema.

Kipanga78: Nesi umeongea vizuri ila hesabu ya Sweden ni ya serikali inayolipa kila kitu, huku kwetu analipa mgonjwa na ndugu zake. Kama mtu yupo kwenye metfomini tu, vile vidonge vya kawaida vya sukari, dawa ni bei ndogo, hata ukiifuta haurudishi mkopo wowote. Kwa anayenunua insulini, stripu za kupimia na dawa za presha kila mwezi hapo unafuu upo. Hela kubwa kabisa iko kwenye figo, macho na miguu. Huohuo utafiti ulionyesha madhara ya mishipa midogo ya damu, yale yanayoua figo na macho, yalipungua kama nusu kwa waliopasuliwa. Sisi baba yetu alikuwa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, tuliuza kiwanja, so mimi hilo ndo ningeliangalia kabla ya bei ya vidonge.

mama_shani: Na msisahau gharama za baada. Mdogo wangu alifanyiwa, anameza vitamini, madini ya chuma, kalsiamu na B12 na ni za maisha, na vipimo vya damu kila mara. Akipungua haraka mawe ya nyongo pia yanaweza kuja, hiyo ni operesheni nyingine. Halafu please, dozi za insulini zinabadilika kuanzia siku zilezile za mwanzo, asichome dozi ya zamani bila daktari kusema, sukari inaweza kushuka mpaka akazimia.

binti_makorora: Asanteni sana, mmenifungua macho. Mkopo siuchukui kwa hoja ya bamdogo, tutachanga taratibu na bajeti nitaweka na za vitamini na kliniki ya mwaka wa kwanza. Jumatatu naenda nae kwa daktari, nitamuuliza figo zake zipoje sasa hivi na je, bei waliyotupa ina vipimo vya baadae ndani yake au tunalipa pembeni.

nesi_wa_goteborg: Muulize pia ni aina gani ya upasuaji na amewafanyia wangapi wenye sukari, na akipata shida usiku baada ya kuruhusiwa mnampigia nani. Wakupe kwa maandishi.