Mrejesho: Datsun 1200 yenye injini ya Hilux

Wakuu, niliuliza kama injini ya Hilux, 22R, itaingia kwenye pikapu yangu ya Datsun 1200. Imeingia! Fundi wa Unga Limited, hapa Arusha, kaikata sampu (bakuli la oili chini ya injini), kachomelea mauntini (vishikizo vya injini) kwa vyuma vya chesesi chakavu. Gia boksi ni ya Hilux hiyohiyo.

Kimbembe kilikuwa propela, ile shafti inayopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi magurudumu ya nyuma. Ilifupishwa, ikachomelewa, lakini kuanzia spidi 60 gari lilikuwa linatetemeka mpaka kioo cha pembeni hakionyeshi kitu. Ilipobalansiwa, likatulia. Sasa injini ni cc 2,366 badala ya 1,171; Usa River unafika huku unacheka peke yako.

Breki za zamani hazitoshi kabisa, nasaka za diski. Namba ya injini imebadilika, hivyo TRA lazima niende kurekebisha kadi. Rangi itasubiri, mfuko umetoboka.