Kunyonya mafuta kwa upasuaji, au mlo na mazoezi: kipi kinamfaa mwenye kilo 92?

Mama wa Tabata aliandika:

Wanajamvi, salaam. Ninaomba tulinganishe kwa utulivu njia hizi mbili za kupunguza mwili, kwa kuwa kila ninayemuuliza mtaani hutetea ile aliyoichagua yeye. Nina kilo 92 na urefu wa sentimita 160, watoto wawili niliojifungua kwa upasuaji, presha iliyoanza kupanda, na sukari ambayo daktari anasema imefika mpakani. Nina akiba kidogo, na kliniki moja ya hapa mjini imenieleza kwamba inaweza kuninyonya mafuta ya tumbo, kiuno na mapaja kwa siku moja, nikarudi nyumbani kesho yake. Wifi yangu anasema huo ni uvivu wa kulipia, na kwamba nikipunguza chapati na kutembea kila asubuhi nitafika huko huko. Nataka kujua kila njia inaondoa nini, inaacha nini, na inamfaa nani.

Muuguzi Mstaafu alijibu:

Mwanangu, wewe na wifi yako mnabishania njia wakati haijajulikana mnakwenda wapi. Mafuta ya mwili yamekaa sehemu mbili. Yapo yaliyo chini ya ngozi, yale unayoweza kuyafinya kwa vidole na ambayo vijana wanayaita nyama uzembe; na yapo yaliyojificha ndani ya tumbo, yakizunguka ini na matumbo. Mrija wa daktari unafika kwenye yale ya kwanza peke yake. Presha yako na sukari yako zinahusiana zaidi na yale ya pili, na hakuna mrija unaoweza kuyafikia.

Kazi yenyewe hufanyika hivi. Daktari anachora mwili kwa kalamu ukiwa umesimama, kwa sababu ukilala mafuta yanahama. Kisha anaingiza chini ya ngozi maji ya chumvi yaliyochanganywa na dawa ya ganzi na dawa ya kubana mishipa ya damu, mpaka eneo livimbe na kuwa gumu. Baada ya hapo anapitisha mrija mwembamba katika tundu dogo, anausukuma mbele na nyuma huku mashine ikivuta. Njia hii ya kujaza maji kwanza ilitengenezwa na Jeffrey Klein, daktari wa ngozi wa California, katika miaka ya 1980. Kabla yake wagonjwa walipoteza damu nyingi mno. Madaktari wa Marekani huhesabu kwamba ukivuka lita tano za vitu vilivyovutwa, umeingia katika upasuaji mkubwa unaohitaji hospitali kamili na uangalizi wa usiku. Kwa hiyo kliniki inayokuahidi tumbo, kiuno na mapaja kwa siku moja, iulize itavuta lita ngapi na utalala wapi.

Sasa kuhusu afya. Mwaka 2004 madaktari wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini St. Louis, walichapisha matokeo ya wanawake 15 wanene, saba kati yao wakiwa na kisukari cha aina ya pili, walionyonywa mafuta ya tumbo yanayokaribia kilo kumi kila mmoja. Wiki kumi hadi kumi na mbili baadaye walipimwa upya: presha ilikuwa pale pale, mafuta ya damu pale pale, na mwili ulikuwa ukiitikia insulini, homoni inayoshusha sukari, kama zamani. Mtu anayepunguza kilo kumi kwa chakula na mazoezi kwa kawaida huona vipimo hivyo vikishuka. Mizani haitofautishi kilo hizo na hizi, lakini ini linatofautisha.

Fundi Cherehani alijibu:

Shikamoo, mama muuguzi. Sipingi hata moja katika uliyoyasema, ila naomba upande wa pili nao usikike, kwa sababu katika majukwaa yetu aliyefanyiwa upasuaji huu husemwa kama mtu aliyeiba.

Mimi nilifanyiwa, na sijuti. Lakini nilikwenda nikiwa tayari nimepungua kwa chakula, nikiwa karibu na uzito unaonifaa, na uzito huo ulikuwa umetulia kwa muda mrefu. Kilichobaki ni mafuta ya nyonga na ya mgongoni, chini ya mkanda wa sidiria, ambayo kwa mama yangu na kwa dada zangu wote hayasikii njaa wala mbio. Kazi yangu ni kupima watu kwa futi ya kushonea, na nakuhakikishia kuna miili ambayo kiuno kinapungua inchi nne na nyonga zinabaki vile vile. Baada ya upasuaji mizani haikusogea sana. Gauni ndilo lililosogea, na mimi gauni ndilo nililolilipia.

Mateso yapo, na kliniki hazipendi kuyataja. Nilivaa vazi la kubana mchana na usiku kwa wiki kadhaa, katika joto la Dar es Salaam, likilowa jasho. Maji mekundu yalichuruzika kwenye matundu siku za mwanzo na kuharibu shuka. Ngozi ya nyonga ilikufa ganzi, halafu ikawa inawasha ndani ambako mkono haufiki. Umbo la mwisho halikuonekana mpaka uvimbe ulipokwisha, na hilo lilichukua miezi.

Dada wa Tabata, kwa vipimo ulivyovitaja, BMI yako, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, ni kama 36. Upasuaji huu umekusudiwa mtu aliye karibu na uzito wake. Kliniki iliyokukubali bila kukuambia hivyo imeangalia akiba yako kabla ya kukuangalia wewe.

Mwalimu wa Mazoezi alijibu:

Ninaishi kwa kufundisha mazoezi, lakini nitasema jambo ambalo wenzangu hawalipendi: mazoezi peke yake hupunguza uzito kidogo kuliko watu wanavyodhani. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina takriban kalori 120, na chapati ya kusukuma inayokunywa mafuta pande zote mbili inaweza kufuta kazi yote ya matembezi ya asubuhi. Uzito huanzia jikoni. Mazoezi yana kazi nyingine: hulinda misuli wakati unapopungua, hufanya mwili uitikie insulini vizuri zaidi, hushusha presha, na husaidia kilo zilizotoka zisirudi.

Kwa mwenye sukari ya mpakani, ushahidi ni mzito kiasi kwamba sioni la kubishaniwa. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 uliwachukua watu 3,234 wa aina hiyo. Waliofundishwa kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kufanya mazoezi kwa dakika 150 kwa wiki walipata kisukari pungufu kwa asilimia 58 kuliko ambao hawakupewa tiba. Waliopewa metformini, dawa ya kisukari, walipungukiwa kwa asilimia 31. Kwa kilo 92, asilimia 7 ni kama kilo sita na nusu. Sio lazima ufike kwenye kilo za usichana wako ndipo mwili ufaidike, na dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano, kutembea kwa kasi ambayo unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba.

Haki itendeke pia kwa wanaosema njia hii ni ngumu. Washindani 14 wa shindano maarufu la Marekani la kupunguza uzito walifuatiliwa na watafiti, matokeo yakatolewa mwaka 2016: miaka sita baada ya shindano wengi walikuwa wamerudisha kilo nyingi, na miili yao ilikuwa bado inachoma takriban kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Mwili hupigana. Anayerudisha kilo hastahili kuitwa mvivu, na ndiyo maana ninawakataza wanafunzi wangu mlo wa kujikausha kwa wiki mbili kwa ajili ya harusi.

Hata anayenyonywa mafuta hakwepi vita hiyo. Watafiti wa Colorado walionyesha mwaka 2011 kwamba mwaka mmoja baada ya upasuaji mafuta yalikuwa yamerudi, ila hayakurudi mapajani yalikotolewa. Yalihamia zaidi tumboni. Na huko Brazil, mwaka 2012, wanawake walionyonywa mafuta ya tumbo bila kufanya mazoezi waliongezeka mafuta ya ndani kwa takriban asilimia 10, wakati wenzao waliofanya mazoezi baada ya upasuaji hawakuongezeka. Yaani hata ukichagua kisu, kutembea kunakusubiri mlangoni.

Mpishi wa Shughuli alijibu:

Naongeza dogo la jikoni. Kabla hamjamnyang'anya dada yetu chapati, mwulizeni anakunywa nini. Soda ya kola ya nusu lita ina zaidi ya gramu 50 za sukari, na kuna nyumba ambako kikombe cha chai kinapewa vijiko vinne na hakuna anayehesabu. Ukiondoa hivyo viwili, pilau inaweza kubaki Ijumaa. Tatizo jingine ni sinia: ukila na watu wanne kwenye sinia moja huwezi kujua umekula kiasi gani, na mwenyeji anaendelea kukusogezea nyama. Jipakulie kwenye sahani yako, mboga zianze, wali ufuate. Watasema unaringa. Wiki ya tatu wanazoea.

Mkaazi wa Nairobi alijibu:

Huku kwetu mwaka 2024 mwanamke mmoja alifariki baada ya kufanyiwa upasuaji wa aina hii, na baraza linalosimamia madaktari likaifunga kliniki iliyohusika. Vifo ni vichache ukilinganisha na idadi ya wanaofanyiwa, lakini sababu zake zinajulikana: damu kuganda mguuni na kupanda mapafuni, mafuta kuingia kwenye mishipa ya damu, dawa ya ganzi kuzidi kiasi, au mrija kutoboa utumbo. Hatari zaidi ni pale mafuta yaliyonyonywa yanapodungwa kwenye makalio ili kuongeza shepu. Mwaka 2017 jopo la madaktari wa upasuaji rekebishi lilikadiria kifo kimoja kwa kila watu 3,000 waliofanyiwa hivyo. Ukipewa ofa ya viwili kwa bei ya kimoja, ondoka.

Jina la daktari litafutwe kwenye orodha ya Baraza la Madaktari Tanganyika, naye awe amesomea upasuaji rekebishi hasa. Uliza nani atakayekupa usingizi na kama atabaki chumbani mpaka mwisho. Bima kwa kawaida hailipii urembo, hivyo hata tatizo likitokea baadaye, matibabu yake huenda yakatoka mfukoni mwako.

Kuna njia ya katikati ambayo haijatajwa. Hospitali ya Muhimbili Mloganzila huweka puto tumboni kupitia mdomoni, bila kuchana, kwa watu wenye uzito mkubwa, na baada ya miezi kadhaa puto hutolewa. Hilo angalau linagusa kiasi cha chakula. Kwa BMI ya 36 yenye presha, ningemwuliza daktari wa Mloganzila kabla ya kliniki yoyote ya urembo.

Mama wa Tabata aliandika:

Ninawashukuru nyote. Akiba itakaa benki kwanza, na nimeshaongea na jirani tuwe tunatembea pamoja alfajiri. Mama muuguzi, nibakishie swali moja. Tumbo langu limechomoza kama la ujauzito wa miezi mitano, hasa jioni, na halikubadilika hata kipindi nilichopungua kidogo. Hayo nayo ni mafuta?

Muuguzi Mstaafu alijibu:

Marahaba, Fundi. Kwako wewe, mwanangu, huenda si mafuta peke yake. Mimba husukuma misuli miwili ya mbele ya tumbo iachane, na kwa wanawake wengine hairudiani vizuri. Lala chali, kunja magoti, weka vidole juu ya kitovu vikielekea miguuni, kisha inua kichwa na mabega kidogo kama anayetaka kuamka. Ukihisi mfereji laini ambamo vidole viwili au zaidi vinazama kwa upana, misuli imeachana. Kunyonya mafuta hakuwezi kuifunga, na mlo hauwezi pia. Mtaalamu wa fiziotherapia atakupa mazoezi ya kukaza tumbo la ndani kwa pumzi. Lakini yale ya kulala na kuinuka kwa nguvu, ambayo wengi huyakimbilia, yaache mpaka akupime. Ukiona uvimbe unaotokeza ukikohoa na kurudi ukilala, muone daktari wa upasuaji, kwani hiyo inaweza kuwa ngiri, na mrija wa kunyonya mafuta ukipita hapo ndipo utumbo hutobolewa.